Jina la Upepo

Majina ya mikoa hutolewa na watu walioketi. Baharia hulipa jina jiwe analoliogopa, mkulima hulipa jina bonde analolilima, mvuvi huupa jina mwamba anaotegea dema lake. Lakini jina la mkoa aghalabu hutoka mezani, penye karatasi na wino, na mwenye kulitoa yumkini hajapata kupakanyaga mahali penyewe kwa mguu wake. Sisemi haya kwa kulaumu. Serikali haina budi kuigawa nchi ili iitawale, na kila mgawo hauna budi kuwa na jina. Walakini jina likishatolewa huanza kufanya kazi peke yake: huwafundisha watoto shuleni mahali walipo, huwafundisha watu wa mbali mahali tulipo sisi, na baada ya muda usio mrefu watu husahau kwamba palikuwapo namna nyingine ya kuitazama ardhi ile ile.

Mimi ni mtu wa Wawi, na Wawi imo katika Wilaya ya Chake Chake, Mkoa wa Kusini Pemba. Jina la mkoa huo nimeliandika katika fomu za shule, za safari na za kazi kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini. Sikupata kulitia katika mizani mpaka siku zile nilipokuwa nikitafuta shahada ya udaktari, nilipobahatika kukaa majira mazima ya baridi katika mji wa Brest, mwambao wa magharibi wa Ufaransa, kusoma vitabu vya zamani vya safari za Bahari ya Hindi. Mkoa wenye mji ule huitwa Finistère. Nao, kama wetu, ni mkoa wa rasi na hori, wa mvua nyingi, wa wavuvi na wakulima, na wa watu wanaosema nyumbani lugha au lafudhi isiyokuwa ya makao makuu.

Mnamo 1790 Wafaransa, waliokuwa katika mwaka wa pili wa mapinduzi yao, waliyafuta majimbo ya kale ya wafalme na mabwana wakubwa, wakaikata nchi yao katika mikoa 83. Ilikusudiwa kwamba raia awezaye kupanda farasi aweze kufika makao makuu ya mkoa wake kwa mwendo wa siku moja. Majina ya kale hayakutakiwa, kwani yalinuka ufalme. Badala yake yakatwaliwa majina ya mito, milima na bahari. Hesabu ilikuwa njema na nia ilikuwa ya usawa. Hata hivyo meza ilikuwa Paris, na kutoka Paris pwani ile ilionekana kuwa mbali mno. Ndipo ikaitwa Finistère, jina lililotoka katika Kilatini, nalo maana yake ni mwisho wa nchi.

Wenyeji wa huko wana lugha yao, Kibretoni, ambayo si Kifaransa wala si jamaa yake wa karibu. Katika lugha hiyo mkoa ule huitwa Penn-ar-Bed. Mwenyeji wangu mmoja, mzee aliyekuwa baharia katika ujana wake, alinieleza kuwa neno *penn* ni kichwa, na kwamba pia ni ncha. Basi pale ambapo mtu wa Paris husema mwisho wa nchi, mtu wa pale husema kichwa cha ulimwengu. Mahali ni pamoja, jiwe ni lile lile, wimbi ni lile lile. Tofauti ni upande ambao mtazamaji ameupa mgongo wake.

Nilimwambia mzee yule kuwa sisi nasi tunalo neno la namna hiyo. Twaita rasi kila ncha ya ardhi iingiayo baharini, na neno hilo tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kichwa. Kisiwani petu ipo Ras Mkumbuu, upande wa magharibi wa Chake Chake. Aliniuliza kuna nini huko. Nikamjibu kuwa siku hizi hakuna kitu, ni magofu na mashamba machache, mwisho wa njia. Alicheka sana.

Kabla ya kurudi Pemba sina budi kusema jambo moja zaidi juu ya Wafaransa, kwani limenisaidia. Mikoa kadhaa ya pwani yao ilipewa mwaka 1790 majina yenye neno *Inférieure*, yaani ya chini, kwa sababu ilikuwa upande wa chini wa mto, karibu na mlango wa bahari. Ila neno hilo lina maana nyingine katika Kifaransa, kama lilivyo neno duni katika Kiswahili. Watu walilivumilia kwa karne moja na nusu, kisha wakalikataa. Charente ya chini ikawa Charente ya bahari mwaka 1941. Seine ya chini ikafuata mwaka 1955. Na Loire ya chini ikajiita ya Atlantiki mwaka 1957. Jirani wa Finistère aliitwa Pwani za Kaskazini, Côtes-du-Nord, jina la dira tupu. Watu wake walichoka kudhaniwa kuwa wanakaa kaskazini ya Ufaransa ilhali wako magharibi, na mwaka 1990 mkoa ukabadilishwa jina, ukawa Côtes-d'Armor. *Armor* kwa Kibretoni ni nchi ya ukingoni mwa bahari, nayo husemwa mkabala na *Argoat*, nchi ya misitu iliyo ndani. Huo ndio mgawo ambao wenyeji walikuwa nao kabla ya karatasi ya Paris, na baada ya miaka 200 ukarudi katika ramani kwa mlango wa mbele.

Mkoa wetu nao umeitwa kwa dira. Wakati wa himaya ya Waingereza, iliyoanza 1890, Pemba ilitawaliwa kutoka katika miji mitatu: Wete, Chake Chake na Mkoani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kisiwa kiligawanywa katika mikoa miwili, Kaskazini Pemba na Kusini Pemba. Leo mkoa wa kaskazini una wilaya za Micheweni na Wete, na wa kusini una Chake Chake na Mkoani. (Mgeni kutoka bara akisikia mtu asema anakwenda Mkoani hudhani kuwa hajaambiwa ni mkoa gani. Nimeshuhudia mazungumzo ya namna hiyo bandarini Unguja yakichukua robo saa.) Kwa hesabu za serikali, Kusini Pemba ina eneo la kilomita za mraba 332, na Kaskazini ina 574. Katika sensa ya 2012 watu wa Kusini walikuwa 195,116. Katika sensa ya 2022 walikuwa 271,350. Msomaji na azipime tarakimu hizi. Finistère ina kilomita za mraba 6,733, yaani mara ishirini ya mkoa wetu, lakini watu wake ni yapata 900,000 tu. Palipo na Mbretoni mmoja, kwetu pana watu sita.

Mstari uliochorwa na serikali umekikata kisiwa kwa upana. Maumbile yamekikata kwa urefu. Mtu atokaye Mkoani kwenda Wete, mwendo wa siku nzima kwa miguu hata kama ni hodari, ataona nchi ya namna moja: vilima vifupi vilivyosongamana, udongo mzito mwekundu, mabonde ya mpunga katikati ya vilima, mikarafuu, minazi na miembe, na kila baada ya mwendo mfupi hori ya bahari iliyoingia ndani kama kidole. Lakini mtu atokaye Chake Chake kwenda mashariki huvuka nchi mbili kabla jasho halijamkauka. Hilo twalijua vyema sisi watu wa Wawi, kwani tumo njiani. Nyuma yetu ni udongo unaogandama jembeni. Mbele yetu, tukielekea Vitongoji, udongo huanza kuwa haba, mawe ya matumbawe hutokeza mgongo, mikarafuu hupungua kisha hukoma, na mtu hufika kwenye mwamba uliochongwa na mawimbi ya bahari kuu. Huko wakulima hupanda muhogo katika mifuko ya udongo iliyo baina ya mawe, wafugaji huchunga, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 wanawake hulima mwani katika maji ya kupwa. Mwanamke wa mwani wa Kusini na mwanamke wa mwani wa Kaskazini wana mambo mengi ya kuambizana kuliko aliyonayo kila mmoja wao na mwenye mikarafuu wa mkoa wake. Hata hivyo takwimu zao huandikwa katika vitabu mbalimbali.

Maumbile hayo yana asili yake. Unguja imekaa juu ya sakafu moja na bara, na maji yaliyo baina yake na bara si mengi. Yalikuja juzi tu kwa hesabu ya wanajiolojia, bahari ilipopanda baada ya enzi ya barafu. Mkondo wa Pemba ni kitu kingine. Upana wake ni kilomita hamsini hivi, na kina chake ni cha mamia ya mita. Pemba ilijitenga na bara zamani mno, kabla hajakuwapo mtu wa kuipa jina. Ndiyo sababu tuna viumbe wasiopatikana popote pengine. Popo mkubwa wa Pemba, anayelala mchana katika miti ya Kidike, hana ndugu wa jenasi yake bara zima la Afrika. Ndugu zake wako Komoro, Madagaska na mbali huko Asia. Mnazi mwitu uitwao mpapindi nao una jamaa Madagaska na Komoro. Kwa hiyo kisiwa, kabla ya kuwa na historia, kilikwisha kuwa na upande wake wa kutazama, nao ni bahari.

Na historia nayo ilifika kwa njia hiyo hiyo. Mwanajiografia al-Masudi aliandika katika karne ya kumi habari za kisiwa alichokiita Qanbalu, chenye Waislamu waliosema lugha ya Zenji, naye akataja kuwa safari yake ya mwisho kutoka huko kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917. Wanazuoni wengi huiweka Qanbalu Pemba, na jina lake hulinganishwa na Mkumbuu. Mimi ni mwalimu wa lugha, si mchimbaji wa kale, walakini sentensi ile ya al-Masudi sijapata kuisoma kwa utulivu. Waislamu wa kisiwani, karne ya kumi, na lugha yao si Kiarabu! Wanafunzi wangu huanza historia ya Kiswahili kwa ubishi juu ya asili yake. Mimi hupenda waanze kwa nahodha mmoja akingoja kusi imchukue Oman, na nyuma yake, ufukoni, watu wakisema jambo ambalo hakulielewa lakini alilitambua kuwa ni lugha.

Yaqut, katika karne ya kumi na tatu, alikiita kisiwa chetu Kisiwa cha Kijani na kuitaja miji yake miwili, ambayo majina yake yasomeka kuwa Mtambwe na Mkumbuu. Mtambwe sasa imo Kaskazini. Huko mwaka 1984 palifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa hapa hapa mwambaoni. Mkumbuu imo Kusini. Wachimbaji walipofika Ras Mkumbuu walikuta chini ya msikiti wa mawe dalili za misikiti iliyotangulia, ya miti na udongo. Watu wale walisali kwanza katika nyumba kama ya babu yangu, kisha wakajenga kwa matumbawe. Hakuna aliyewashushia mji kutoka merikebuni.

Miji hiyo miwili haikuwa na haja ya mstari kati yake. Ilitazamana na Mkondo, na mtu wa Mkumbuu alikwenda Mtambwe kwa dau, akipita nje ya visiwa vidogo. Leo msafiri wa baina ya sehemu hizo hupanda gari, akapita Chake Chake, akavuka mpaka wa mkoa, akashuka Wete, akatafuta mtumbwi.

Upande wa mashariki, si mbali na kwetu, ipo ngome ya Pujini. Hii ni ya karne ya kumi na tano, na kwa ukuta wake mkubwa wa udongo na mawe haina mfano katika mwambao mzima kwa zama zake. Mapokeo yasema aliyeijenga ni Mkama Ndume, mtawala aliyewakamua watu wake kama jina lake lisemavyo, akawafanya wabebe mawe kwa kujikokota kwa makalio. Kisima chake kilikuwa na ukuta wa kugawa maji baina ya wake zake wawili waliokuwa hawapatani. Tulipokuwa watoto, kisa cha wake wawili kilitupendeza kuliko ngome. Sasa naona mambo mawili hayo ni kisa kimoja. Yule naye alikuwa hodari wa kuchora mipaka.

Wareno walikuja, wakatoka. Na mchezo wa ng'ombe, ambao bado huchezwa Pemba, husemwa kuwa ni urithi wao. Wamazrui wa Mombasa walikishika kisiwa katika karne ya kumi na nane kwa ajili ya mchele na vyakula vyake, hata mwanzoni mwa miaka ya 1820 kikaingia mikononi mwa Sayyid Said. Haya nayapita kwa haraka, kwani lililofuata ndilo lililotuumba tulivyo.

Mkarafuu ulitoka Maluku, ambako Waholanzi waliulinda kwa mauti. Mwaka 1770 wajumbe wa Pierre Poivre, mtawala Mfaransa wa kisiwa ambacho leo ni Mauritius, waliiiba miche na mbegu wakaivusha bahari. (Poivre kwa Kifaransa ni pilipili, mtu huyu alizaliwa na kazi yake.) Kutoka huko miche ilifika Bourbon, kisiwa kinachoitwa sasa Réunion, na mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa ikafika Unguja. Réunion ilifanywa mkoa kamili wa Ufaransa mwaka 1946. Kwa hivyo mti ambao mama yangu aliuanikia jamvi, na ambao ulilipa ada yangu ya shule, ulipitia mkoa wa pwani wa Kifaransa kabla ya kufika Wawi. Na Wafaransa wana mkoa mwingine karibu nasi zaidi, nao ni Mayotte katika Komoro, uliopewa daraja hiyo mwaka 2011, ambako wenyeji husema Kimaore, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili. Katika ramani ya Paris, ncha ya nchi haiko tena Brest. Iko kwetu.

Kwa miaka mingi Unguja ilikuwa mbele katika karafuu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote, na Pemba ikaepuka. Tangu hapo Pemba ndiyo shamba, na Unguja ndiyo ghala na daftari. Udongo ule mzito wa vilima vya magharibi, ambao al-Masudi asingeuona kutoka chomboni mwake, ukawa ndiyo mali ya nchi.

Mali hiyo haikujipanda. Miaka ile ile ambayo bei na kimbunga viliisukuma mikarafuu kuja Pemba, watu waliletwa kwa madau kutoka bara, baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, na hori zetu nyingi, zilizofunikwa na mikoko, zilikuwa mahali pema pa kuteremshia usiku mzigo usiotakiwa kuonekana. Hori hii ninayoisifu kwa uzuri wake ni hiyo. Hadhi ya utumwa ilifutwa katika sheria mwaka 1897, na mwaka huo huo Wakristo wa madhehebu ya Marafiki wakanunua shamba Banani, karibu na Chake Chake, ili walioachwa huru wapate pa kufanya kazi. Kisha wakaja vibarua wa ujira, na wenyeji nao wakapanda mikarafuu yao. Huku kwetu mwenye shamba, mwenye mti na mchumaji waliweza kuwa watu watatu, na warithi wao wakaoana. Kijijini haliulizwi mbele ya watu swali la nani mababu zake walikuja kwa dau la biashara na nani kwa dau la usiku. Adabu hiyo naijua na naishika. Lakini mwalimu anapowaambia wanafunzi kuwa Kusini Pemba ni mkoa wa vilima, mvua na karafuu, kisha akafunga kitabu, ameuficha mkono ulioichimba ile mashimo ya miche, na mimi sijapata njia ya kuifundisha jiografia hiyo kwa ukimya.

Wakati wa karafuu ndio uliotugeuza mgongo kwa bahari. Kwanza taratibu: magunia yalishuka kutoka vilimani mpaka horini, yakangoja bamvua, yakachukuliwa kwa mashua. Kisha barabara ikapita juu ya migongo ya vilima kuunganisha Mkoani, Chake Chake na Wete, na magunia yakapanda badala ya kushuka. Hori ya Chake Chake, isiyo na maji ya kutosha ila wakati wa kujaa, ikabaki na ngalawa. Meli kubwa zikafunga Mkoani. Vijiji vilivyokuwa mbele vikawa nyuma, na Ras Mkumbuu ikawa mwisho wa njia, kama nilivyomwambia yule mzee.

Bahari haikusahauliwa na wote. Karafuu kwa sheria huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na bei ikipungua mno chini ya ile ya ng'ambo, baadhi ya magunia huiona njia ya kale ya Mkondo, usiku, kuelekea mwambao wa Kenya. Serikali huita magendo, na ni magendo. Mwanajiografia ataona pia kuwa hori, mkondo na upepo viko pale pale. Wengine huijua bahari kwa msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, na watu wengi waliokuwa wakirudi nyumbani hawakufika. Tangu mwaka ule wako majirani zangu ambao huketi ndani ya meli macho yameelekea sakafuni mpaka Mkoani.

Wawi, kwa bahati, ilipata sehemu yake ya karafuu ambayo haivuki kwa magunia. Kiwanda cha makonyo kiko kwetu. Makonyo ni vile vishikizo vya karafuu vinavyobaki mtu akishachambua. Kiwandani huvukizwa, yakatoka mafuta. Harufu yake mgeni huisifu kwa siku moja. Sisi huisikia tukirudi safarini, hasa ndege ikishatua, kwani uwanja wa ndege wa Pemba nao uko jirani, na aliyekaa ugenini muda mrefu huijua kabla hajaona uso wa mtu.

Sasa niseme juu ya jina. Nilipokuwa Brest niliona haya kidogo kwa ajili ya mkoa wangu, kwamba Wabretoni wamejipatia jina la ukingo wa bahari, nasi tumebaki na dira. Kisha siku moja, katika maktaba, neno lenyewe likanifungukia, na nikajiuliza mwalimu wa Kiswahili huishi miaka mingapi bila ya kusikia anachokisema. Kusini ni kusi, pamoja na kile kiambishi chetu cha mahali. Kaskazini ni kaskazi, vivyo hivyo. Mabaharia walikuwa na majina mengine ya pande hizo, wakizijua kwa nyota, Suheli na Jaa; lakini lililoshinda katika vinywa vya watu ni la upepo. Kusini ni kule kusi litokako: upepo uvumao kwetu tangu baada ya masika hata Septemba, uliompeleka al-Masudi Oman, unaofunga madau ya mashariki na kuwapa wavuvi wa magharibi bahari ya kimya. Nord ya Wafaransa haina upepo ndani yake. Yetu inao.

Sipendekezi basi jina libadilishwe. Napendekeza lisomwe. Mtoto wa darasa la nne akiambiwa kuwa mkoa wake umeitwa kwa upepo, atauliza upepo huo huvuma lini, huleta nini, humzuia nani. Na kila jibu litamtoa katika barabara na kumfikisha pwani. Huko kuna haja naye. Kisiwa Panza, kusini kabisa ya mkoa, bahari imeingia katika mashamba, na mahali palipolimwa pamekuwa pa chumvi. Wenyeji hupanda mikoko na kuinua matuta. Mkoa wenye watu zaidi ya 800 katika kila kilomita ya mraba hauna bonde la ziada la kuipa bahari, na hesabu hiyo haifanyiki kwa kutazama kutoka barabarani.

Mwaka jana niliwachukua wanafunzi kumi na mmoja kwenda Ras Mkumbuu. Ofisi ilikwisha kuandika gari. Niliomba ngalawa na mashua. Tulikaa ufukoni Chake Chake tukingoja maji, na wawili kati yao, watoto wa mjini, walilalamika kwamba kwa gari tungekwisha fika. Maji yalijaa saa tano kasorobo. Tulipotoka katika hori, mikoko ikatuachia, kikaonekana kisiwa cha Misali mbele upande wa kushoto, na rasi ikiwa kulia kwetu, ndefu, kijani. Binti mmoja wa Kengeja akauliza mji ulikuwa wapi. Nahodha hakuelekeza kidole kwenye magofu. Alionyesha sehemu ya maji iliyotulia nyuma ya ncha, akasema, "Mwalimu, waambie wanao: chombo chochote kikipigwa na kusi hapa, hukimbilia pale." Tukapata saa mbili tu za kuyapima makaburi ya nguzo, kisha akatuita, maana maji yalikuwa yameanza kupwa.